Nafaka Iliyolowa

Nauza kompyuta, na wateja wangu huuliza kwanza, "Ina GB ngapi?" Hawafungui mashine. Wanasoma karatasi niliyobandika, wananitazama usoni, wanatoa hela. Ndiyo maana kesi ya GTX 970 hainitoki akilini.

Nvidia iliitoa kadi hiyo ya michoro Septemba 2014, bei dola 329, ikinadiwa kuwa na memori ya gigabaiti 4. Januari 2015 ikabainika kwamba gigabaiti 3.5 zinakwenda mbio, na nusu gigabaiti iliyobaki inajikokota kwa kasi ya moja ya saba. Kampuni ikaeleza kwamba wahandisi na watu wa masoko hawakupashana habari sawasawa. Mkuu wake, Jensen Huang, akaandika barua akisisitiza nia yao ilikuwa njema. Wanunuzi wakaungana kuishtaki Nvidia huko California, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kulipa dola 30 kwa kila kadi, bila kukiri kosa.

Yuko atakayesema gigabaiti 4 zilikuwamo, zihesabu. Zilikuwamo kweli. Lakini Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa. Hakusema uongo. Mtume hakubishana naye kuhusu mvua. Alimuuliza mbona iliyolowa hakuiweka juu, watu wakaiona. Ilikuwa nafaka, na hakuna aliyelalamikia kipimo. Ghushi ilikuwa kwenye mpangilio: kavu juu, mbichi chini.

Kwa hiyo nia njema hainitoshi. Mvua nayo hainyeshi kwa nia ya mwenye duka. Aliyetengeneza kadi ndiye pekee aonaye chini ya lundo. Mnunuzi hana pa kutia mkono, ana neno la muuzaji tu. Neno hilo likimfanya aelewe kisichokuwepo, amepunjwa, hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Na dola 30? Tumefundishwa kwamba haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake: umrudishie, au akusamehe. Kulipa huku umekataa kukiri ni kuyafunga madai. Kusameheana ni jambo jingine. Tena fidia iliwahusu walionunua Marekani tu. Aliyeinunua kadi hiyohiyo Dubai au Nairobi alipunjwa vilevile, na sioni ni nani aliyelifuta deni lake.