Nani Mgeni, Nani Mvamizi?

Kwa watu wa Mahege na vijiji vingine vya Kibiti, njia ya Mafia ni Nyamisati: unapanda boti, unaiacha mikoko ya delta ya Rufiji, unatokea Kilindoni. Wavuvi wanaohama kufuata samaki hupiga dago visiwani. Dago si mji. Ni kibanda cha makuti, chanja cha kukaushia samaki, wiki chache bahari ikiwa shwari, kisha watu wanarudi kwao.

Kaskazini-magharibi ya Mafia kuna kisiwa kidogo, Shungimbili. Mwaka 2007 kilitangazwa hifadhi ya bahari. 2016 likafunguliwa hapo jumba la kifahari la vyumba vitano, Thanda. Ukilikodi, umekodi kisiwa kizima. Kinachouzwa ni faragha. Mgeni naye hahamii: anakaa siku zake, anaondoka.

Basi tuna wapita njia wawili. Mbona kwenye visiwa kama hivi mmoja huitwa mgeni, mwingine mvamizi?

Jibu la haraka: mvuvi anaharibu. Kweli, baruti imeua matumbawe mengi pwani yetu, na kokoro halichagui samaki mkubwa na mtoto wake. Sitetei hayo, bahari lazima ipumzike. Lakini hoja hiyo inahukumu tendo, haimhukumu mtu. Mwenye mshipi na ndoana hakurusha baruti. Na kama tunapima matendo, tupime yote: hata taa za hotelini zikiwaka kwa jua, mafuta ya ndege iliyomleta mgeni kutoka ng'ambo yameshaungua.

Utetezi wenye nguvu zaidi ni fedha. Kule Chumbe, Unguja, matumbawe yamehifadhiwa tangu 1994 na watalii ndio wanaolipia ulinzi. Nyumba za wageni zinatumia maji ya mvua, na watoto wa shule hupelekwa kujifunza bila kulipa. Huo ni mfano ninaoukubali (nikipata nauli nitakwenda). Ila tazama kinachoufanya ukubalike: mtoto wa mvuvi anaingia. Fedha ya mtalii inamlipa mlinzi, sawa. Lakini eti imgeuze mtu wa pwani kuwa mvamizi wa pwani?

Upepo ukichafuka usiku, mashua kutoka delta itatafuta ufukwe wa karibu. Pale penye faragha iliyokodiwa, nani atashuka kuipokea, na nahodha atamwitaje?