Mbio za Hisani

Yuko mtu ambaye, asubuhi ya sikukuu, wenzake wangali wamelala, huamka akavaa viatu akaenda kukimbia pamoja na umati wa watu ambao hakusudii kumshinda hata mmoja wao. Amelipa kiingilio ili akimbie. Fedha hiyo itainunulia timu ya shule mipira na jezi, au itakuwa nauli ya kwendea mashindanoni. Nauliza: je, mtu huyu ametoa au amenunua?

Swali hili si la mzaha. Mwenye kutoa kweli, husema wengine, hupungukiwa na kitu. Huyu amepata furaha, amepata afya, na pengine fulana mpya. Kama aliipenda timu, mbona hakupeleka fedha yake kimya kimya akarudi kitandani? Nami zamani niliiona hoja hii kuwa haina jibu.

Desturi yenyewe ina umri. Katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, nchini Marekani, mbio za maili 5 zilifanywa Siku ya Shukrani mwaka 1896. Walioanza walikuwa watu 6 tu. Mbio hizo zingali zikifanywa, na siku hizi maelfu hujitokeza, wengine wamejivika mfano wa bata mzinga, ndege aliwaye sikukuu hiyo. Miji mingi ya huko imeiga, na katika baadhi yake mapato huwaendea wanariadha wa shule.

Sisi nasi tunayo desturi ya kuchangiana. Mzee Jomo Kenyatta alipotoa wito wa Harambee mwaka 1963, wananchi walijenga shule kwa mikono yao na kwa senti zao, hata shule nyingi za sekondari zikaitwa shule za Harambee. Lakini kila aliyewahi kuhudhuria mchango ajua jambo moja liumalo. Jina la tajiri husomwa kwa sauti, kiasi chake hutajwa, vigelegele hupigwa. Mama aliyeuza kuku ili alete shilingi zake chache hupita mbele ya meza kama kivuli. Na mwanafunzi anayechangiwa husimama kando, ameinamisha macho, akijifunza mapema kushukuru kwa unyonge.

Hapo ndipo thamani ya mbio inapoonekana. Barabarani hakuna jukwaa. Mwalimu mkuu anatweta, mwenye duka anatweta, bibi kizee anatembea na mjukuu wake huku akicheka; na timu yenyewe imo katikati yao, inatokwa na jasho lile lile. Mpaji na mpewa huwezi kuwatenga kwa macho. Furaha ya mtoaji, ambayo wale wengine waliihesabu kuwa kasoro, ndiyo imwondoleayo mpokeaji aibu. Kwa sababu hiyo nimeiacha hoja yangu ya kwanza.

Sikuiacha yote. Furaha hupofusha: aliyecheka asubuhi haulizi jioni fedha zilikwenda wapi, na mtunza hazina mwovu alijua hilo vyema. Tena, kijana asiye na kiingilio akirudishwa penye kamba ya kuanzia, basi tulichofungua ni soko, na wale waliosema kuwa mkimbiaji amenunua watakuwa wamesema kweli. Ningependa awepo karani mmoja mwenye daftari, aandike kila senti kwa wino, na ajaye mikono mitupu apewe namba ya kifuani kama wengine wote.