Kitanda cha Kamba Kwanza

Kiwanja bado hatuna. Tulicho nacho ni daftari ambalo mimi na ndugu zangu, kila tukikutana, tunaandika humo vitu vitakavyoingia katika nyumba yetu ya mapumziko kule Pangani, mji mdogo ulio mdomoni mwa mto, kama kilomita 50 kusini mwa Tanga. Watu hutuuliza, samani kabla ya msingi? Naam. Ukianza na samani unalazimika kufikiria watu: nani atalala wapi, nani atakula na nani, mama atakaa upande gani jua la alasiri likigeuka. Ramani ya fundi haiulizi hayo.

Ukurasa wa kwanza una vitanda vya kamba. Kaka alitaka makochi makubwa ya sponji kama ya kwake Dar es Salaam, nami nimempinga kwa moyo wote. Hewa ya pwani ina chumvi. Chuma hushika kutu upesi, mbao zile za unga uliogandishwa kwa gundi hunyonya unyevu zikavimba na kubanduka, na sponji iliyofungiwa katika nyumba isiyokaliwa tangu Pasaka hadi Desemba huota ukungu. Kitanda cha kamba hupigwa na upepo juu na chini. Kamba zikilegea zinakazwa. Zikikatika, kitanda kinawambwa upya na matendegu yale yale ya babu yanaendelea na kazi.

Niliwahi kukaa uani kwa shangazi nikimtazama mzee mmoja akiwamba. Alizungusha kamba mfumbati hadi mfumbati, akaweka mguu, akavuta mpaka kamba ikalia, ndipo akaanza kupitisha za kukingama, juu moja, chini moja. Ilikuwa kamba ya usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni, maji yakijaa na kupwa juu yake kwa miezi, kisha hufukuliwa na kupondwa mpaka nyuzi zibaki peke yake, na mara nyingi kazi hiyo yote ni ya akina mama. Alipomaliza, shangazi hakusema neno. Alijilaza tu, akapitiwa na usingizi mchana kweupe.

Mama naye ana lake. "Mwanangu, andika mkeka kabla ya vyote. Mgeni hasubiri kochi." Nimeandika, tena mingi. Desemba tukijaa wote, pamoja na watoto wa kaka na dada na rafiki zao ambao hakuna aliyewaalika, hakuna idadi ya vyumba itakayotosha. Mkeka mpana, vyandarua vya kutosha, na watoto wanalala safu moja wakinong'onezana hadi usiku wa manane. Udugu wa binamu hujengeka hapo kuliko katika harusi na misiba ambako tunapeana mikono na kuagana. Na mkeka ni mali. Ukindu huanikwa, huchanwa, huchemshwa na rangi, husukwa kuwa kili ndefu, kisha kili hizo hushonwa ubavu kwa ubavu. Anayeuona ni kitu cha maskini hajaushika wa mikono mizuri.

Mabaraza ya nje yatajengwa kwa mawe, yawe mapana. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu ikafuata mwaka 2001, na wengi wakifika huko husifu milango ya nakshi. Mimi husifu baraza. Mlango hata uwe mzuri vipi kazi yake ni kufunga. Barazani mpita njia anasalimu, anakaribishwa kahawa, anaondoka bila kuingia kwa watu.

Jikoni tutaweka mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, vyungu na masinia makubwa. Televisheni imekataliwa kwa kura, na wapwa zangu wamenuna.

Kuna sharti moja ambalo nimeliandika mimi mwenyewe, kwa wino mwekundu: kisiingie kitu kinachohitaji kulindwa. Nimeona mijini sebule ambazo watoto wa nyumba hawaruhusiwi kuzikalia. Vikombe vizuri viko kabatini vikisubiri mgeni, kochi limevishwa kitambaa juu ya kitambaa, na mtoto anajifunza kwamba vitu vya kwao si vyake. Sitaki mtoto yeyote wa ukoo wetu aambiwe "usikalie" katika nyumba iliyojengwa ili watu wakae. Atoke baharini na mchanga wake miguuni, ajitupe kitandani. Kamba haigombi na mchanga.

Haya yote hayahitaji utajiri, na mengine hayangoji nyumba. Nimeona katika nyumba nyingi za pwani kitanda cha kamba kimeegemezwa ukuta wa stoo, kamba zimeoza, mbao nzima kabisa, wenyewe wakimngoja mnunuzi wa vitu vya kale akichukue kwa bei ya bure. Kama kwenu kipo, msikiuze. Mtafuteni fundi anayejua kuwamba angali na nguvu, mkalisheni kijana wenu karibu naye ajifunze, kisha kitoeni uani wakilalie wajukuu.