Jina na Gurudumu Lililoinama: Swali la Maadili katika Utambuzi wa Picha za Mbio za Kale za Magari

Utangulizi

Ipo picha ya Mfaransa Jacques Henri Lartigue (1894–1986) ambayo hata asiyejua lolote kuhusu magari yamkini amewahi kuiona. Gari la mashindano linapita kwa kasi, pua yake ikiwa imekwisha kutoka nje ya ukingo wa picha. Gurudumu la nyuma limekuwa na umbo la yai na limeinama mbele. Watazamaji walio kando ya barabara wameinama upande wa pili, kana kwamba wamesukumwa na upepo. Kwenye tangi la mafuta inasomeka nambari 6, na ndani ya gari wameketi watu wawili. Kwa miongo mingi picha hiyo ilizunguka vitabuni na katika majumba ya makumbusho ikiwa na maelezo kwamba gari ni Delage na mbio ni Grand Prix ya Ufaransa ya mwaka 1912. Watafiti walikuja kuonyesha baadaye kwamba gari ni Schneider, dereva wake ni Croquet, na mbio ni zile zilizofanyika karibu na Amiens mwaka 1913.

Kosa kama hilo laweza kuonekana dogo. Hakuna aliyeibiwa mali, wala hakuna aliye hai anayedai haki yake. Je, anayeandika jina chini ya picha ya marehemu ana wajibu wowote wa kimaadili kwa marehemu huyo, au analotenda ni suala la usahihi wa kumbukumbu tu? Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba jina ni ushahidi, na kwamba kumpa mtu jina lisilo lake ni dhuluma kubwa kuliko kumwacha bila jina.

Picha na Maelezo Yake

Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwisho kuhusu upigaji picha kilichotoka mwaka 1980, alishikilia kwamba kiini cha picha ni uthibitisho kuwa kitu kilichopigwa kilikuwapo mbele ya kamera. Kauli hiyo ina nguvu, lakini ina mpaka wake. Picha huthibitisha kwamba mtu fulani alikuwapo. Haithibitishi kwamba alikuwa nani. Jina hutoka nje ya picha, nalo huletwa na binadamu mwenye kusahau, kukisia na kupenda.

Picha ya Lartigue inaufafanua mpaka huo vizuri. Gurudumu la gari halikuwa yai. Lilionekana hivyo kwa sababu pazia la kamera lilikuwa na ufa mwembamba uliopitisha mwanga kidogo kidogo: sehemu ya chini ya gurudumu ilinaswa kwanza, na ya juu ikanaswa baadaye, gari likiwa limekwisha kusonga. Mpiga picha naye alikuwa akiizungusha kamera ili alifuate gari, ndiyo maana waliosimama wima wakaonekana wameinama nyuma. Basi picha "imesema uongo" kuhusu gurudumu. Hata hivyo, uongo huo una kanuni. Anayeijua kamera anaweza kuurudia nyuma hadi akaufikia ukweli. Maelezo ya maneno hayana kanuni ya namna hiyo. Neno "Delage" halina ndani yake alama yoyote ya kumwonyesha msomaji kwamba si kweli. Ajabu ni kwamba upotofu unaoonekana kwa macho haumpotoshi mtu, ilhali sentensi fupi iliyonyooka ndiyo iliyowapotosha wengi.

Kazi ya Mtambuzi

Mtambuzi wa picha hizi hufanya kazi inayofanana na ya mhakiki wa miswada. Hutazama umbo la rejeta, spoki za magurudumu, mnyororo unaozungusha magurudumu ya nyuma au kutokuwapo kwake, na upande lilipo usukani. Kisha hulinganisha hayo na orodha za washiriki zilizochapishwa magazetini. Nambari, ambayo mtu asiye mzoefu huitegemea zaidi, ndiyo yenye hila kubwa, kwa kuwa ilitolewa upya kila mbio: nambari 6 ya mwaka mmoja si nambari 6 ya mwaka uliofuata. Mshindi naye haitoshi kuutambulisha mwaka. Georges Boillot alishinda Grand Prix ya Ufaransa akiwa na Peugeot mwaka 1912 huko Dieppe, akashinda tena akiwa na Peugeot mwaka 1913 huko Amiens.

Hata jina lenyewe huweza kuwa mtego. Henri de Rothschild alishindana kwa jina la "Dr. Pascal". Alfred Velghe aliyapanga upya maandishi ya jina lake akawa "Levegh", na kwa jina hilo akashinda mbio mwaka 1900. Alifariki mwaka 1904. Mpwa wake, Pierre Bouillin, alilirithi jina hilo la kubuni, na ni kama Pierre Levegh alivyofia Le Mans mwaka 1955, katika ajali iliyowaua pia watazamaji zaidi ya 80. Watu wawili, jina moja, na kwa wote wawili si jina la kuzaliwa. Je, mtambuzi amwite mtu kwa jina alilozaliwa nalo au kwa lile alilolichagua? Heshima yataka yote mawili yatajwe: la kuchagua kwa kuwa ndilo alilotaka kujulikana nalo barabarani, la kuzaliwa kwa kuwa ndilo linalomtenga na mwenzake.

Mtu wa Pili Garini

Maelezo ya picha za wakati huo yalikuwa na muundo wa kawaida: jina la dereva, kisha jina la gari, kama "Boillot juu ya Peugeot". Makanika aliyeketi kando ya dereva, akitazama tairi, akipampu mafuta na kuyaangalia magari ya nyuma, aghalabu hakutajwa. Lakini hatari haikumbagua. Katika mbio za Paris–Madrid za Mei 1903, zilizosimamishwa Bordeaux kwa sababu ya wingi wa vifo, Marcel Renault alifariki na jina lake likakumbukwa. Katika mbio hizo hizo alikufa pia Nixon, makanika wa Leslie Porter, ambaye wachache humtaja. Desturi hiyo haikuwa ya lazima. Ushindi wa George Robertson katika Kombe la Vanderbilt mwaka 1908, akiendesha Locomobile nambari 16, huelezwa pamoja na jina la makanika wake, Glenn Ethridge.

Hapa ndipo uzito wa kosa la "Delage" unapojitokeza. Katika mbio za Amiens mwaka 1913, Albert Guyot aliendesha Delage. Tairi lilipopasuka, makanika wake aliruka kabla gari halijasimama, akakanyagwa na gurudumu. Mtu atakayeusahihisha mwaka wa picha ya Lartigue lakini akaliacha jina la gari atamfanya msomaji adhani kwamba huenda yule aliyeketi kando ya dereva ndiye aliyeumia. Jeraha la mtu mmoja litakuwa limehamishiwa kwa mwingine, na aliyeumia kweli atakuwa amenyang'anywa hata maumivu yake.

Pingamizi la Sanaa

Wapo watakaosema kwamba picha hiyo imekuwa sanaa tangu Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilipomwonyesha Lartigue mwaka 1963, na kwamba inahusu kasi, wala si Croquet. Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu. Uzuri wa picha hautegemei jina. Lakini walioketi garini hawakuwa mfano wa kasi. Walikuwa watu waliozihatarisha roho zao. Kazi ya sanaa inaweza kuishi bila majina yao, ila haina ruhusa ya kuwabandika majina ya wengine.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanalijua tatizo hili. Mashairi mengi yamekusanywa chini ya jina la Fumo Liyongo, na tungo za Muyaka ziliandikwa na wengine baada ya kifo chake. Shairi lililopachikwa mtunzi asiyelitunga humpa mmoja sifa isiyo yake na kumfuta mwingine kabisa. Asiyejulikana anaweza kutafutwa kesho. Aliyefunikwa na jina la mwenzake hatafutwi tena, kwani pengo lake halionekani.

Hitimisho

Kutokana na hayo, anayeandika maelezo ya picha ana wajibu wa kutenganisha anachokiona, anachokithibitisha kwa hati na anachokikisia, na kuuonyesha mpaka huo kwa msomaji. Pale ushahidi unapokoma, na aandike "makanika, jina halijulikani". Maneno hayo yanakiri kwamba palikuwa na mtu, kwamba alikuwa na jina, na kwamba bado anadai.