Amana ya Mwili na Swali la Kidonge cha Moyo

Miongoni mwa maswali ya kale katika falsafa ya maadili ni lile la kama mtu anaweza kulipata jema bila yeye mwenyewe kubadilika, na swali hilo, ambalo zamani liliulizwa kuhusu uadilifu na ucha Mungu, leo linaulizwa pia mbele ya rafu za virutubisho vya ziada, yaani vidonge, poda na mafuta yenye vitamini, madini au dondoo za mimea, ambavyo wengi huviita dawa lishe na ambavyo huuzwa bila cheti cha daktari kwa ahadi ya kuulinda moyo. Swali hilo si la tabibu peke yake. Ikiwa mwili ni amana, yaani kitu ambacho mja amekabidhiwa na Muumba wake na ambacho ataulizwa jinsi alivyokitunza, basi ni haki kuuliza kama amana hiyo hutunzwa kwa kununua au kwa kuishi.

Ushahidi wa kitabibu hauna budi kutangulia. Jaribio la VITAL, lililofanyika Marekani na matokeo yake kutangazwa mwaka 2018, liliwahusisha watu 25,871 waliogawanywa kwa nasibu, baadhi wakipewa vitamini D au mafuta ya samaki yenye omega-3, na wengine wakipewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana na kile kinachopimwa lakini kisicho na chochote cha kutibu ndani yake. Baada ya ufuatiliaji wa takriban miaka mitano, hakuna kirutubisho kati ya hivyo viwili kilichopunguza kwa kiwango cha kuaminika jumla ya matukio makubwa ya moyo na mishipa ya damu. Huko Finland, jaribio lililochapishwa mwaka 1994 kuhusu wavuta sigara zaidi ya 29,000 lilionyesha jambo zito zaidi, kwamba waliopewa kirutubisho cha beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi kuliko wasiopewa. Kwa upande mwingine, utafiti wa INTERHEART ulioongozwa na Salim Yusuf na kuchapishwa mwaka 2004, ambao ulikusanya takwimu kutoka nchi 52, ulikuta kwamba mambo tisa yanayoweza kubadilishwa au kudhibitiwa, yakiwemo sigara, presha, kisukari, unene wa tumbo, ulaji haba wa matunda na mboga na ukosefu wa mazoezi, yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo.

Kama takwimu hizo ziko wazi hivyo, kwa nini kidonge bado kinapendwa? Jibu liko katika nafsi kuliko katika elimu. Aristotle, katika kitabu kijulikanacho kama Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba fadhila ni heksisi, yaani hali ya nafsi iliyokomaa kwa kurudiwarudiwa kwa matendo, na anawafananisha wanaotaraji kuwa wema kwa kuujadili wema tu na wagonjwa wanaomsikiliza daktari kwa makini kisha wasitende lolote alilowaagiza. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliendeleza jambo hilo katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, ambamo baada ya kueleza riyada, yaani kuizoeza nafsi hatua kwa hatua, anaingia moja kwa moja kwenye shahawa ya tumbo, yaani tamaa ya chakula, na anashauri kwamba chakula kipunguzwe kidogo kidogo ili mwili usidhurike na nafsi isiasi. Msingi wa mwenendo huo unapatikana katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayofundisha kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Wakristo nao wana mafundisho ya Paulo kwa Wakorintho kuhusu mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu.

Hapo ndipo hatari ya kidonge inapoonekana vizuri, kwa sababu hasara yake haiishii mfukoni. Mwaka 2011 Wen-Bin Chiou na wenzake wa Taiwan walichapisha majaribio ambamo washiriki wote walimeza plasebo, lakini baadhi yao waliambiwa kuwa wamemeza multivitamini. Hao walioamini hivyo walipungukiwa na hamu ya mazoezi, walielekea zaidi kuchagua mlo wa kujipakulia bila kipimo badala ya mlo wenye afya, na walitembea kidogo kuliko wenzao. Majaribio hayo yalikuwa madogo, lakini yanaafikiana na jambo ambalo walezi wa roho wamelijua kwa karne nyingi: kidonge kimegeuzwa kafara, malipo mepesi yanayomruhusu mtu kurudi kwenye sahani ileile kwa dhamiri iliyotulia.

Hata hivyo, hoja hii isigeuzwe fimbo ya kuwachapia wagonjwa. Ugonjwa wa moyo si ushahidi wa dhambi, kwani wako waliorithi damu yenye mafuta mengi tangu kuzaliwa, na dawa za presha au za kupunguza lehemu zinazoandikwa na daktari ni jambo jingine kabisa, zimepimwa na zimeokoa maisha, na kuziacha kwa jina la kubadili mwenendo ni kuivunja amana ileile. Tena utashi wa mtu mmoja hautoshi. Jerry Morris na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1953 kuhusu mabasi ya ghorofa ya London, walikuta kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima wakikata tiketi, waliugua moyo kidogo kuliko madereva walioketi kwenye usukani. Madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipoajiriwa, kama Morris mwenyewe alivyoonyesha baadaye kwa vipimo vya sare zao, lakini tofauti hiyo haikulimaliza fumbo lote. Kondakta hakuwa mtu mwema kumshinda dereva. Kazi yake ilimwekea ngazi mbele ya miguu. Kwa hiyo mwenendo unaodumu ni jukumu la jamii pia, ambayo huamua kama mtaa una njia ya waendao kwa miguu na kama sufuria ya shughuli inapikwa kwa kiasi.

Kuhusu kiasi hicho, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ilhali mpishi wa pilau ya watu mia hutia chumvi kwa konzi bila kupima, kisha huongeza vidonge vya supu ambavyo navyo vimejaa chumvi, na juu yake huwekwa achari. Kamati za misikiti na za parokia zinazoandaa futari, maulidi na karamu za kipaimara zina uwezo wa kuianza kazi hii ya kubadili mwenendo bila fedha yoyote, na zianzie kwenye sufuria hiyo.