Jina la Kutoka mu Buku la Leta: Ni la Nani?

Mu kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya majina ya kwetu: Kyungu na Kabange wanaozaliwa pacha, Mateso aliyezaliwa wakati wa shida, Paluku na Kambale wanaohesabiwa kufuatana na namna walivyotoka mu tumbo la mama. Mara hii naomba twende mbali, mpaka Ufilipino, inchi ya visiwa zaidi ya 7,000 kule Asia. Sababu ni kwamba swali moja ambalo sisi tunaliuliza nusu-nusu, kule lilijibiwa na Leta kwa siku moja na kwa karatasi. Jina la mutu ni la nani? La yule aliyelitoa, la yule anayelibeba, ao la yule anayeliandika mu buku?

Zamani, mbele Wahispania hawajafika, Mufilipino alikuwa na jina moja tu, na lilikuwa linaeleza jambo. Mapadri wa kwanza waliandika kwamba kwa Watagalog mutoto aliyezaliwa kwa shida aliweza kuitwa Maliwag, maana yake "ngumu", na mwenye nguvu akaitwa Malakas. Na muzazi, akisha kuzaa, aliacha jina lake akaitwa kwa jina la mutoto: ama ni fulani, baba wa fulani, ina ni fulani, mama wa fulani. Mwenye kusoma hii mu Bukavu ao mu Kalemie hatashangaa hata kidogo. Kwetu pia, mama akisha kupata Furaha, jina lake la usichana linabaki mu karata ya kitambulisho tu. Mutaa wote ni Mama Furaha. Jina linashuka kwa mutoto kisha linapanda tena kwa muzazi. Halikai mu ukoo sawa nyumba ya kuriti.

Wahispania walianza kutawala kule mu 1565. Walibatiza watu, na ubatizo ukaleta majina ya watakatifu. Jina la pili likawa kila mutu anajichagulia: de la Cruz, yaani "wa Musalaba", de los Santos, yaani "wa Watakatifu", na mengine ya namna hiyo. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuwa na majina mawili tofauti, na watu elfu wasiojuana hata kwa sura waliweza kuwa na jina moja. Kwa wanainchi hakukuwa na tatizo, kwa sababu mu kijiji kila mutu anajua huyu ni wa nani. Tatizo lilikuwa kwa yule anayekusanya kodi.

Ndipo gavana Narciso Clavería, kisha kutembelea majimbo mengi na kuona fujo ile (fujo kwa macho yake, tuseme kweli), akatoa amri tarehe 21 Novemba 1849. Kila jamaa ipate jina la ukoo, na mutoto afuate jina la baba. Kwa kazi hiyo Leta ilitayarisha katalogi, buku la majina karibu 61,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Mengi yalikuwa ya Kihispania, lakini mulikuwa pia maneno ya lugha za kule: majina ya miti, ya nyama, ya mawe, ya mahali, ya kazi za mikono. Kurasa zilikatwa zikatumwa mu majimbo, na mu kila muji mukubwa wa muji pamoja na padri wakagawia jamaa moja-moja. Wenye kuonyesha kwamba walibeba jina lao kwa vizazi vine waliruhusiwa kulishika, isipokuwa yale yaliyozidi wingi, sawa vile de la Cruz. Tena walimu waliamriwa kuwa na orodha ya watoto, na kuangalia kwamba watoto hawaitane kwa jina lingine isipokuwa lile lililoandikwa. Hapo njo ninasimama kidogo. Kodi ninaielewa. Lakini kukataza mutoto kuita mwenzake mu uwanja wa masomo kwa jina analolijua, hiyo ni Leta inayotaka kuingia mpaka mu kinywa.

Alama za kazi ile zinaonekana mpaka leo. Mu eneo la Bicol, mu jimbo la Albay la wakati ule, alfabeti ilisambazwa juu ya inchi sawa ushanga: A mu muji mukubwa wa jimbo, B na C mu miji ya kando ya bahari, na kuendelea vile mpaka M kule Daraga, S kule Polangui na Libon. Mu muji wa Oas majina mengi yanaanza kwa R. Domingo Abella, aliyekuwa mukubwa wa arshivu za inchi na aliyeandika utangulizi wakati katalogi ile ilipochapwa tena mu 1973, alionyesha kwamba mu sehemu zile herufi ya kwanza ya jina ilitosha kujua muji wa mutu. Kwetu mutu akisikia jina anajua kabila. Kule alisikia herufi, akajua ukurasa gani ulianguka mu muji gani.

Lakini amri haikufika kila mahali. Watu wa milima ya Cordillera na Waislamu wa kusini, ambao Wahispania hawakuwashika vizuri, walibaki na desturi zao. Na de la Cruz, ambaye amri ilitaka kumupunguza, bado yuko kati ya majina yenye wingi sana ya inchi ile, hata wakitaka kusema "mwanainchi wa kawaida" wanasema Juan de la Cruz.

Sasa tuje kwa majina yasiyo na watu wengi, kwa sababu ndipo swali letu linakuwa kali. Mu inchi ya watu zaidi ya milioni 109 (hesabu ya mwaka 2020), muna majina yanayobebwa na watu wachache sana. Mwenye jina sawa hilo anapenda kusema: "Sisi tuko wachache, kwa hiyo tuko ukoo wa maana." Tuchunguze.

Muna uchache unaotokana na mababu kweli. Mufano ni Cojuangco, jina la jamaa ya Corazon Aquino, aliyekuwa prezidenti tangu 1986 mpaka 1992. Linatoka kwa Muchina mumoja wa jimbo la Fujian, Co Yu Hwan, na ile "co" ya mwisho ni neno la heshima la kumwita kaka mukubwa. Watu walimwita kwa heshima, mwandishi akashikamanisha yote, ikawa jina. Hakuna katalogi iliyoligawia mu majimbo. Wenye kulibeba, kama hawakuliokota njiani, ni wa shina moja.

Uchache wa pili ni wa kalamu. Jina lilichukuliwa mu ukurasa na jamaa moja tu mu muji mumoja, basi. Ukuu haumo, hata ujitu haumo. Ni mustari wa buku uliowaangukia. Na muna uchache wa makosa: karani anaandika i pahali pa e, wajukuu wanakuwa "ukoo" mupya. Sisi tuliopitia mu biro ya etasivili tunajua kwamba karani anaweza kuzaa ukoo kwa dakika moja.

Na muna uchache wa kifo tu. Mu 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza sababu gani majina ya jamaa kubwa yanapotea, na padri wa Anglikana aliyejua hesabu, Henry William Watson, akamujibu. Mu 1874 wakachapisha pamoja. Hesabu inayobeba majina yao mpaka leo inaonyesha jambo la kushangaza: kama kila mwanaume anaacha, tukichukua wastani, mutoto mwanaume mumoja tu, basi kila jina litakufa siku moja, hata kama watu hawapungui. Fikiria baba wa watoto wawili: mara moja kwa nne wote wawili ni wabinti, na jina linaishia hapo. Hakuna laana, hakuna ulozi. Wabinti wako wazima, wanazaa, damu inaendelea; ni jina peke yake limezikwa, kwa sababu amri ilisema lifuate baba.

Kwa hiyo uchache wa jina hausemi ubora. Lakini si kusema kwamba uchache hauna uzito. Mu Ufilipino, mutu anayetafuta kazi mara nyingi anaombwa karatasi ya biro ya upelelezi ya taifa inayoonyesha kwamba hana mashitaka. Kama jina lake linafanana na la mutu mwenye kesi, karatasi inasimamishwa, anarudishwa nyumbani kungoja siku nyingine mpaka wachunguze. Mwenye jina la wingi analipa makosa ya watu asiowajua. Mwenye jina chache anapita mbio. Lakini siku ndugu yake akiiba, muji wote unajua ni nyumba gani. Wakambale wa Butembo wanielewe: jina la watu wengi linakuficha na kukuchafua pamoja, jina la watu wachache linakuonyesha.

Tunarudi kwa swali. Kuna wanaosema: jina la katalogi ni la uongo, lilitoka kwa mutawala aliyetaka kuhesabu vichwa, mwenye kulibeba anabeba mununga wa mbuzi. Ninawaelewa, lakini siwafuati mpaka mwisho. Angalia José Rizal, yule mwandishi ambaye Wahispania walimupiga risasi tarehe 30 Desemba 1896. Jamaa yake, yenye asili kwa Muchina Domingo Lam-co, ilijulikana kwa jina Mercado, maana yake "soko", jina la watu wa biashara. Rizal lilikuwa jina la pili ambalo nyumbani hawakulijali sana. Mu 1872 kaka yake Paciano alikuwa mu hatari juu ya urafiki wake na padri José Burgos, aliyenyongwa mwaka ule ule. Kwa hiyo mutoto José aliandikishwa mu masomo ya Manila kwa jina Rizal, ili asijulikane kuwa ndugu wa Paciano. Kisha, mu barua kwa rafiki yake Blumentritt, alieleza kwamba jina lile lilimufanya aonekane sawa mutoto wa inje ya ndoa. Kijana huyu alivaa jina sawa mutu anayevaa koti la kujificha. Hakuacha mutoto anayeishi. Leo jimbo zima linaitwa Rizal. Nani atasimama mbele ya Mufilipino kumwambia kwamba jina lile ni la uongo?

Basi ninasema: kutoa jina ni tendo moja, kulibeba ni maelfu ya matendo. Familia ya Oas iliyopokea mustari wa R mu ukurasa ililima na jina lile, ilizika watu na jina lile, ilishitakiwa na kushinda kesi na jina lile. Kisha vizazi sita ao saba, katalogi haina haki tena juu yake. Muna majina ya Kitagalog sawa Dimayuga, "asiyetikisika", na Dimaculangan, "asiyepunguzwa", na tena Catacutan, linalotoka mu neno takot, yaani woga. Dimayuga anaweza kuwa mwoga, na Catacutan anaweza kuwa shujaa. Jina linangoja mwenyewe alijaze.

Lakini hapo tusidanganyane. Kwamba watoto walifanya jina kuwa lao haioshe amri. Mutu anaweza kujenga nyumba nzuri juu ya udongo wa wizi, nyumba ni yake kweli, na wizi ni wizi kweli. Sisi wa Kongo tuliona upande mwingine wa jambo hili. Mu 1972 Leta ya Mobutu ilitoa majina ya ubatizo kwa jina la utu halisi, na padri aliyebatiza kwa jina la Kizungu alitishwa na kifungo. Kisha 1990 wengi walirudilia Jean na Marie bila kungoja ruhusa. Clavería alileta majina ya kigeni kwa watu waliokuwa na yao, Mobutu aliondoa ya kigeni kurudisha yetu. Mumoja tunamulaumu na mwingine wazee wengine wanamusifu mpaka leo. Kwangu kosa ni moja: wote wawili hawakuuliza mwenye jina. Jina Ilunga ni zuri, lakini Ilunga la kulazimishwa lina harufu ya biro sawa Reyes la kulazimishwa.

Na neno moja juu ya wamama, kwa sababu mu mazungumzo haya wanasahauliwa. Mufilipino wa leo anaandika jina lake, katikati jina la ukoo wa mama yake, mwisho la baba. Mama yuko, lakini katikati, kwa kizazi kimoja. Mjukuu hamukuti tena. Desturi ya kale ya ina ni fulani ilimupa mama jina kupitia mutoto. Amri ya 1849 ilimwacha mu nafasi ya kupitia.

Wahispania walitoka mu 1898, uhuru ukafika mu 1946, na majina yakabaki. Mu 2001 sheria ya kule iliruhusu mutu kubadilisha jina lake la kwanza mu biro tu, bila kwenda kwa juji, kama ana sababu ya haki, kwa mufano jina linamuchekesha kwa watu. Kwa jina la ukoo, bado anapaswa kwenda tribinali. Lile ambalo mababu walipewa bila juji, bila kuulizwa, kwa kukata ukurasa, mjukuu akitaka kulitoka analipa avoka.