Kunyamaza Mbele ya Kosa: Ni Adabu au Ni Khiyana?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zetu, liko jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni adabu, nalo huenda likawa khiyana: kunyamaza kwa mdogo pale amwonapo mkubwa wake akikosea. Madhara yake yadhihiri zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi hospitalini. Aliyelala humo hawezi kujisemea. Huenda hata pumzi zake zavutwa na mashine. Wanaomtazama ni wengi: madaktari wakubwa na wadogo, na wauguzi wa zamu ya mchana na ya usiku, na kila mmoja ana kipande cha khabari yake. Muuguzi wa usiku ameona mkojo umepungua. Daktari wa asubuhi, naye hakuambiwa, aandika dawa iliyo nzito kwa mafigo. Wote wawili ni wajuzi, na mgonjwa aangamia baina yao.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha, katika Suratun-Nisaa aya ya 58, tuzifikishe amana kwa wenyewe. Na khabari ya mgonjwa ni amana: haki yake ni kuwafikia wamuuguzao, wala isivuke hapo ikawa mazungumzo ya barazani.

Mtu akisema: Vipi muuguzi atamzindua daktari bingwa? Je, huko si kuvunja heshima? Twamjibu kwa hadithi ya Abu Huraira waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alitoa salamu baada ya rakaa mbili katika sala ya rakaa nne. Abu Bakr na Umar walikuwamo, nao waliogopa kumsemeza kwa haiba yake. Akasema mtu aitwaye Dhul-Yadaini, akamwuliza kama sala imefupishwa au amesahau. Mtume hakumkemea, aliwauliza waliohudhuria, na walipomsadiki yule mtu akaitimiza sala, kisha akasujudu sijida mbili za kusahau.

Basi zingatieni. Aliyesema hakuwa bora kuliko Abu Bakr na Umar, wala hakushutumu, bali aliuliza. Na aliyeulizwa ni mbora wa viumbe, naye hakuona unyonge kurejea. Ni nani basi daktari hata asiulizwe? Na katika fiqhi yetu, Imamu akisahau, ni sunna kwa maamuma mwanamume kusema Subhanallah, na mwanamke kupiga kofi. Sharia haikumwacha yeyote katika safu bila ya njia ya kumzindua aliye mbele. Ikiwa rakaa yalindwa hivi, roho ya mtu je?

Na walioyafuatilia mambo haya kwa hisabu wameyaona. Katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, ilichapishwa khabari mwaka 2003 kuwa katika chumba cha mahututi hawakufika 10 katika 100, miongoni mwa madaktari wadogo na wauguzi, walioyajua makusudio ya matibabu ya mgonjwa kwa siku ile. Pakawekwa karatasi ya kila siku kwa kila mgonjwa, ya kuandikwa yatakiwayo kutendwa. Waliojua wakazidi 95 katika 100, na muda wa kukaa chumbani humo ukapungua kutoka wastani wa siku 2.2 hadi 1.1.

Wala kuandika si jambo geni kwetu. Twaamrishwa kuandika deni la mali katika Suratul-Baqara, aya ya 282, na uhai ni mzito kuliko mali. Basi apokezanaye zamu na aandike, kisha aseme kwa ulimi: hili nimeliona, hili nalichelea, hili nataka litazamwe, na apokeaye ayarudie aliyoyasikia. Na mkubwa ambaye ukali wake umefunga ndimi za walio chini yake, ajue kuwa ana fungu katika kila kosa lililonyamaziwa. Heshima ya kweli kwa mwalimu wako ni kumzuia asiingie katika dhambi ya damu hali hajui.

Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kusema haki kwa upole, na wenye kuikubali bila ya kibri. Wallahu aalam.